Fibroblasti na saratani ya kichwa na shingo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwa wagonjwa, jamaa zao na wanafunzi wa afya, ambao kwa maneno tofauti huuliza jambo lile lile: kama saratani ni seli zilizoharibika, seli zima zilizo jirani zake zinafanya nini pale? Kila jibu linajitegemea. Panapohitajika jibu jingine, namba yake imetajwa.

## Mambo ya mwanzo

1. Fibroblasti ni nini?

Ni seli inayotengeneza tishu unganishi, yaani ile inayoshikiza sehemu nyingine za mwili: iko chini ya ngozi, chini ya utando wa mdomo, kati ya misuli na kandokando ya mishipa ya damu. Kwa hadubini inaonekana nyembamba na ndefu, imechongoka ncha zote mbili kama mtumbwi, na kiini chake kimelala katikati. Rudolf Virchow, mtaalamu wa patholojia wa Ujerumani, alizieleza seli za namna hii mwaka 1858.

Kazi yake ni kufuma. Hutoa nyuzi za kolajeni zinazoipa tishu uimara, hutoa fibronektini inayosaidia seli kushika mahali pake, na hutoa pia vimeng'enya vya kukata nyuzi zilizochakaa ili mpya zipate nafasi. Siku nyingi huwa imetulia. Ukijikata, huamka.

2. Saratani ya kichwa na shingo inahusu sehemu zipi?

Mdomo, ulimi, ufizi, koromeo, zoloto, pua na mianzi yake ya ndani, pamoja na tezi za mate. Ubongo haumo, wala macho. Kati ya kila saratani 10 za eneo hili, takriban 9 huanzia kwenye seli bapa za utando unaofunika sehemu hizo. Visababishi vinavyojulikana vyema ni tumbaku ya kuvuta na ya kutafuna, pombe, popoo, virusi vya HPV hasa aina ya 16, na kwa saratani ya nyuma ya pua, virusi vya Epstein-Barr. Duniani kote hugundulika wagonjwa wapya zaidi ya 800,000 kwa mwaka.

3. Kama saratani huanzia kwenye utando, kwa nini tuzungumzie seli zilizo chini yake?

Kwa sababu uvimbe si seli za saratani peke yake. Daktari anapoingiza kidole chenye glavu mdomoni na kugusa ukingo wa kidonda cha ulimi, anatafuta ugumu. Kidonda cha kawaida huwa laini. Cha saratani mara nyingi huwa kigumu kama gegedu. Sehemu kubwa ya ugumu ule ni kolajeni, na kolajeni hiyo imefumwa na fibroblasti, si na seli za saratani.

Kata kipande cha uvimbe huo chembamba sana, kitie rangi za hematoksilini na eosini, kisha kiweke chini ya hadubini. Utaona visiwa vya seli bapa zenye viini vikubwa vya zambarau, na katikati ya baadhi yake viduara vya keratini vilivyojikunja tabaka juu ya tabaka kama kitunguu kilichokatwa. Kati ya kisiwa na kisiwa kuna bahari ya rangi ya waridi yenye mawimbi. Hiyo ni kolajeni, na vijistari vyembamba vya zambarau vilivyolala ndani yake ni viini vya fibroblasti. Kuna uvimbe ambao bahari ni kubwa kuliko visiwa. Kwa muda mrefu mno macho ya watafiti yalikuwa kwenye visiwa tu, na naamini tulipoteza miaka kwa sababu hiyo.

Wazo lenyewe ni la zamani. Stephen Paget, daktari wa upasuaji wa Uingereza, aliandika mwaka 1889 kwamba seli ya saratani ni kama mbegu: huota pale tu udongo unapoikubali. Alikuwa akizungumzia saratani ya matiti na viungo inakosambaa. Kwa saratani ya mdomo na koo, fibroblasti ni sehemu kubwa ya udongo huo.

4. Kwa hiyo fibroblasti zenyewe ni saratani?

Hapana. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila msomaji aondoke nalo. Seli ya saratani ina jeni zilizovurugika na inagawanyika bila breki. Fibroblasti iliyo ndani ya uvimbe kwa kawaida haina mavurugiko hayo. Ni seli ya mgonjwa mwenyewe, jeni zake ziko sawa, ila tabia yake imegeuzwa. Jeni ni zile zile. Kilichobadilika ni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa.

Kwenye majarida ya kisayansi huitwa CAF, kifupi cha Kiingereza cha fibroblasti zinazoambatana na saratani. Hapa nitaziita fibroblasti za uvimbe. Ipo pia saratani inayoanzia kwenye tishu unganishi yenyewe, inayoitwa sakoma, lakini huo ni ugonjwa mwingine, na ni nadra katika eneo hili.

## Jinsi zinavyogeuka

5. Fibroblasti iliyotulia inageuzwaje?

Anza na kidonda cha kawaida. Ukijing'ata ulimi, chembe sahani za damu na seli za kinga humwaga ishara za kemikali, kubwa kati yake ikiwa TGF-beta. Fibroblasti zilizo karibu huisikia, hunenepa, na kujijaza nyuzi za aktini zile zile zilizo kwenye misuli laini. Mwaka 1971 Giulio Gabbiani na wenzake walizieleza seli hizi zilizo nusu fibroblasti, nusu msuli, huitwa miofibroblasti. Huvuta kingo za kidonda zikutane na hufuma kolajeni ya kuziba pengo. Kazi ikiisha, nyingi hufa kwa utaratibu, nyingine hutulia.

Ndani ya uvimbe kazi haiishi. Seli za saratani hutoa TGF-beta na ishara nyingine kila siku, na fibroblasti hubaki katika hali ya dharura kwa miezi na miaka. Mwaka 1986 Harold Dvorak, mtaalamu wa patholojia wa Marekani, aliufananisha uvimbe na kidonda kisichopona. Sijaona ufafanuzi ulio bora kuliko huo. Fibroblasti inafanya kile ilichoumbiwa; inaitikia mwito wa msaada, ila aliyeita si kidonda.

Kuna jambo jingine. Ugumu wenyewe ni ishara. Fibroblasti iliyokaa juu ya kolajeni ngumu huhisi mvutano na kuzidi kuamka, kisha hufuma kolajeni zaidi, na mahali pakazidi kuwa pagumu. Mzunguko huu ukishaanza hujiendesha hata ishara ya kwanza ikipungua.

6. Zote zinatoka pale pale uvimbe ulipo?

Nyingi ndiyo: ni wakazi wa tishu ile waliogeuzwa. Sehemu nyingine huonekana kutoka kwenye seli zinazozunguka mishipa midogo ya damu, kwenye seli za mafuta, na kwenye seli changa zinazosafiri kutoka kwenye uboho wa mifupa. Asili hii tofauti ni sababu mojawapo ya kutofautiana kwa tabia zake (swali la 11).

7. Tumbaku, pombe na popoo vinagusa fibroblasti, au vinaharibu utando tu?

Vinagusa vyote viwili. Mwaka 1953 Danely Slaughter na wenzake walionyesha kwamba kwa wagonjwa wa saratani ya mdomo, utando unaouzunguka uvimbe nao huwa umebadilika, hata pale panapoonekana pazima kwa macho. Siku hizi tunajua kwamba tishu iliyo chini ya utando huo nayo haibaki ilivyokuwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni popoo. Anayeitafuna kwa miaka anaweza kupata ugonjwa wa makovu chini ya utando wa mdomo. Huanza na mwasho anapokula kitu chenye pilipili. Kisha ndani ya mashavu hupauka, na ukipitisha kidole unahisi kamba ngumu zimejipanga wima. Mwisho mdomo haufunguki. Mtu aliyekuwa akipitisha vidole vitatu kati ya meno ya juu na ya chini anashindwa kupitisha hata kimoja. Arekolini iliyo ndani ya popoo huzichochea fibroblasti zifume, na madini ya shaba yaliyomo husaidia kimeng'enya kinachofunga nyuzi za kolajeni pamoja, hivyo zikawa ngumu kukatwa tena. Hali hii huhesabiwa kuwa dalili ya hatari, kwa kuwa baadhi ya wenye nayo hupata saratani baadaye. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka popoo kwenye kundi la 1 la visababishi vya saratani kwa binadamu, hata ikitafunwa bila tumbaku.

Anayeacha mapema huzuia hali isizidi. Makovu yaliyokwishafumwa ni vigumu kurudi nyuma, ndiyo maana mapema ina uzito.

8. Saratani inayotokana na HPV nayo ina fibroblasti hizi?

Inazo, ila sura ya jirani hutofautiana. Saratani ya HPV hupenda mafindofindo na shina la ulimi, mahali palipojaa seli za kinga kwa asili, na uvimbe wake mara nyingi una limfositi nyingi. Wagonjwa wake kwa ujumla huitikia tiba vizuri zaidi kuliko wale ambao saratani yao imetokana na tumbaku na pombe. Fibroblasti si sababu pekee ya tofauti hiyo, wala si sababu kuu.

## Jinsi zinavyousaidia uvimbe

9. Kwa vitendo, zinausaidiaje?

Kwa njia kadhaa, na ile inayonigusa kuliko zote ni ya kuchimba njia. Mwaka 2007 watafiti waliokuwa London waliweka seli za saratani ya seli bapa pamoja na fibroblasti juu ya jeli ya kolajeni, wakazipiga picha zikitembea. Seli za saratani peke yake zilikwama juu. Zilipokuwa na fibroblasti zilipenya kwa misururu, na kichwani mwa msururu kulikuwa na fibroblasti, ikikata nyuzi na kuzisukuma kando huku seli za saratani zikifuata nyuma yake. Cha kushtua ni kwamba fibroblasti zilipotolewa, vishimo zilivyoviacha vilitosha: seli za saratani zilipita humo zenyewe.

Pia hulisha na kuhimiza. Fibroblasti hutoa HGF, kichocheo kinachoshika kipokezi cha MET kwenye seli ya saratani na kuiambia iishi, igawanyike, isogee. Hutoa ishara za kemikali ziitwazo IL-6 na CXCL12, na ishara za kuota mishipa mipya ya damu. Nishati nayo hushirikishwa: upande mmoja hutoa lakteti, mwingine huitumia.

Mwaka 2017 ulitoka utafiti uliosoma jeni zilizowashwa katika seli moja moja, takriban seli 6,000 kutoka kwa wagonjwa 18 wa saratani ya kichwa na shingo. Ulionyesha kwamba seli za saratani zilizo ukingoni mwa uvimbe, zile zinazopakana na fibroblasti, ndizo zinazoanza kulegeza mshikamano na wenzake na kupata tabia ya kuhama, bila kuacha kabisa asili yake ya seli bapa. Zile za katikati ya kisiwa zilibaki zimeshikamana. Hali hiyo ya ukingoni iliambatana na kusambaa kwenye tezi za limfu za shingoni. Yaani mahali seli ilipo na jirani iliye naye vina uzito, si jeni zake tu.

10. Zinaizuiaje kinga ya mwili?

Kwa ukuta na kwa maneno. Ukuta ni kolajeni iliyosukwa kwa wingi kukizunguka kisiwa cha saratani. Seli T, yaani seli za kinga zinazoweza kuua seli za saratani, zinafika hadi pale, zinaonekana kwenye hadubini zimejazana ndani ya bahari ya waridi, lakini hazivuki. Maneno ni ishara: TGF-beta huzidhoofisha seli T, na CXCL12 huzibakiza nje.

Jambo hili si la maabara tu. Pembrolizumab na nivolumab, dawa zinazoziondolea seli T breki, ziliidhinishwa Marekani kwa saratani ya kichwa na shingo mwaka 2016. Wengine hunufaika nazo kwa miaka. Lakini wale ambao uvimbe wao hupungua dawa hizo zikitumiwa peke yake ni wachache, chini ya robo. Breki ikiondolewa ilhali seli T haijafika mahali pa kazi, faida yake ni ndogo.

11. Kwa hiyo fibroblasti zote zilizo ndani ya uvimbe ni adui?

La. Na hapa ndipo somo lote lilipopata fundisho lake chungu, kupitia saratani ya kongosho, ambayo ina tishu unganishi nyingi kupindukia. Wazo lilikuwa rahisi: ondoa ukuta, dawa zipite. Dawa moja iliyolenga ishara inayoziamsha fibroblasti ilijaribiwa kwa wagonjwa, na mwaka 2012 jaribio lilisimamishwa kwa kuwa waliopewa dawa hiyo walikuwa na hali mbaya kuliko wenzao. Mwaka 2014 makundi mawili ya watafiti yalionyesha jambo hilo hilo kwa panya: miofibroblasti zilipopunguzwa, saratani iligeuka kali zaidi na panya walikufa mapema. Sehemu ya ukuta ule ilikuwa inaufungia uvimbe ndani.

Sasa tunajua kuna makundi. Baadhi ya fibroblasti hukaa zimekumbatia seli za saratani, zimejaa aktini, kazi yake kubwa ikiwa kufuma na kuvuta. Nyingine hukaa mbali kidogo, hazifumi sana, ila humwaga ishara za kuchochea kinga kama IL-6. Zipo pia zinazoonyesha vipande vya protini kwa seli za kinga. Makundi haya yalichorwa vizuri kwanza kwenye kongosho. Kwenye kichwa na shingo yanafanana kwa mengi, si kwa yote. Na fibroblasti inaweza kutoka kundi moja kwenda jingine ikibadilishiwa mazingira, jambo linalotia moyo, kwa sababu kinachoweza kugeuka kinaweza kurudishwa.

## Hospitalini

12. Majibu ya kinyama changu (kipande kilichokatwa kwa uchunguzi) hayataji fibroblasti. Wamesahau?

Hawajasahau. Kipimo cha kuhesabu fibroblasti si cha kawaida katika majibu ya saratani hii, ingawa tafiti kadhaa za saratani ya mdomo zimeona kwamba miofibroblasti nyingi huendana na matokeo mabaya zaidi. Tatizo mojawapo ni alama, yaani protini zinazotumika kuzitambua: aktini ya misuli laini, FAP, podoplanini na nyinginezo zote huonekana pia kwenye seli zisizo fibroblasti za uvimbe, na hakuna moja inayotosha peke yake.

Lakini soma majibu yako tena. Kina cha uvimbe kwa milimita, ambacho toleo la 8 la mfumo wa TNM linakitumia kupanga hatua ya saratani ya mdomo. Umbo la ukingo unaopenya, kama ni mpana ulioshikamana au ni vijikundi vilivyotawanyika. Kuingia kwenye neva. Kupasua ganda la tezi ya limfu. Fibroblasti zina mkono katika mengi ya hayo. Neno desmoplasia likitajwa, maana yake ni tishu unganishi iliyofumwa kwa wingi kuuzunguka uvimbe.

13. Zinaweza kuonekana kwenye picha?

Ndiyo, kwa aina mpya ya picha ya PET. PET iliyozoeleka hutumia sukari yenye mionzi, na hung'arisha pia ubongo pamoja na mafindofindo yenye maambukizi, jambo linalosumbua sana katika eneo hili. Kuanzia mwaka 2018 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walichapisha matumizi ya vialamishi vinavyonata kwenye FAP, protini iliyo kwa wingi juu ya fibroblasti za uvimbe. Tishu nyingi zima zina FAP kidogo sana, hivyo uvimbe hujitokeza wazi. Kasoro yake ni kwamba kovu jipya, kidonda kinachopona na baridi yabisi navyo hung'aa. Hospitali nyingi bado hazina kipimo hiki.

14. Zinapunguza nguvu ya tiba?

Zinaweza. Kwa kinga, tazama swali la 10. Kwa mionzi, fibroblasti ni ngumu kufa. Nyingi hubaki hai, zingine huzeeka ghafla, zikaacha kugawanyika lakini zikaendelea kumwaga ishara. Kwa setuksimabu, dawa inayoziba kipokezi cha EGFR na iliyoidhinishwa Marekani pamoja na mionzi mwaka 2006, majaribio ya maabara yameonyesha kwamba seli za saratani zilizokuzwa pamoja na fibroblasti hustahimili dawa kuliko zilizokuzwa peke yake. Mlango wa EGFR ukifungwa, HGF hugonga mlango wa MET.

Hakuna lolote kati ya haya linalomaanisha tiba isianzwe. Upasuaji, mionzi na dawa huponya watu wengi wa saratani hii, hasa ikigunduliwa mapema, fibroblasti zikiwepo.

15. Nimemaliza mionzi, shingo imekakamaa kama ubao. Saratani imerudi?

Mara nyingi ni kovu la mionzi. Fibroblasti zilizopitiwa na mionzi huendelea kufuma kwa miezi na hata miaka, na ngozi ya shingo, misuli ya kutafunia na ya kumezea hupungua kunyumbuka. Ukakamavu wa kovu huja polepole na huenea eneo lote lililopigwa mionzi. Uvimbe mmoja unaokua, kidonda kipya, maumivu yanayopanda sikioni, au sauti inayozidi kukwaruza ni habari nyingine: rudi kliniki bila kusubiri tarehe yako.

Mazoezi ya kufungua mdomo, kumeza na kugeuza shingo husaidia zaidi yakianza mapema, na yanataka uvumilivu wa kila siku. Nawasihi wagonjwa wasiyachukulie kama nyongeza. Ni sehemu ya tiba.

16. Kuna dawa ya kuziondoa?

Ya kutumika kila siku kwa saratani hii, hakuna. Majaribio ya kwanza yalilenga kuzishambulia: kingamwili iitwayo sibrotuzumabu, iliyolenga FAP, ilijaribiwa kwa saratani ya utumbo mpana mwanzoni mwa miaka ya 2000 na haikuleta nafuu ya maana. Baada ya fundisho la kongosho (swali la 11) nia imebadilika. Wengi sasa wanataka kuzituliza au kukata maneno yake, si kuziua.

Mifano miwili imefika kwa wagonjwa wa kichwa na shingo. Setanaksibu huziba NOX4, kimeng'enya kinachoisaidia fibroblasti kubaki miofibroblasti. Kwa panya, kukiziba kuliziruhusu seli T kuingia ndani ya uvimbe. Ilipojaribiwa pamoja na pembrolizumab katika awamu ya 2, shabaha kuu, ambayo ilikuwa kupungua kwa ukubwa wa uvimbe, haikufikiwa, lakini muda wa ugonjwa kutosonga mbele ulikuwa mrefu zaidi. Fiklatuzumabu hunasa HGF kabla haijafika kwenye MET. Pamoja na setuksimabu ilionyesha dalili nzuri kwa saratani isiyo ya HPV, na imeingia awamu ya 3.

17. Nimesoma kwamba losartani, dawa ya presha, hulainisha uvimbe. Niitumie?

Usiianze mwenyewe. Ni kweli kwamba kwa panya losartani ilipunguza kolajeni na kufungua mishipa iliyobanwa, na imejaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya kongosho. Kwa kichwa na shingo si tiba iliyokubaliwa. Inaweza kushusha presha kupita kiasi na kupandisha potasiamu, na mgonjwa asiyeweza kumeza vizuri tayari amepungukiwa maji mwilini. Kama unaitumia kwa presha, endelea kama ulivyoelekezwa.

## Maswali ya pembeni

18. Kukata kinyama ni kujeruhi, na jeraha huamsha fibroblasti. Si kunachochea saratani?

Nalielewa woga huu, na anayeuliza hivi amesoma kwa makini. Ndiyo, jeraha dogo huamsha fibroblasti kwa siku chache. Lakini uvimbe umekuwa ukiziamsha kwa miezi. Bila kinyama hakuna jina la ugonjwa, na bila jina hakuna tiba. Kinachodhuru watu ni kuchelewa. Kwa uvimbe wa shingoni madaktari huanza na sindano nyembamba badala ya kufungua, na wana sababu nzuri. Mwachie mtaalamu achague njia.

19. Niache virutubisho vya kolajeni na vitamini C, visije vikaulisha uvimbe?

Kolajeni unayokula humeng'enywa tumboni kuwa amino asidi na vipande vidogo, kama protini nyingine yoyote. Kolajeni ya uvimbe imefumwa pale pale na fibroblasti. Vitamini C kweli inahitajika ili kolajeni ifumwe sawasawa, lakini inahitajika pia ili kidonda cha upasuaji kishike. Kujinyima chakula kwa lengo la kuzinyima fibroblasti ni kumdhoofisha mgonjwa ambaye vita yake kubwa mara nyingi ni uzito unaoporomoka. Vidonge vya dozi kubwa, vya aina yoyote, vitaje kwa daktari wako.

20. Zinaweza kukuzwa nje ya mwili?

Kwa urahisi wa kushangaza. Kipande cha uvimbe chenye ukubwa wa punje ya mchele hukatwakatwa, vijipande vikabandikwa kwenye sahani ya maabara na kumwagiwa kimiminika chenye virutubisho. Siku za kwanza hakuna kitu. Kisha, ndani ya wiki moja au mbili, seli nyembamba huanza kutambaa kutoka kwenye kingo za vijipande, moja, tano, halafu msitu mzima umejipanga upande mmoja kama mikeka iliyotandikwa. Hizo ni fibroblasti. Seli za saratani zenyewe mara nyingi hugoma kukua.

Hata zikitenganishwa na saratani, fibroblasti hizi huendelea na tabia yake ya kigeni kwa vizazi kadhaa vya kugawanyika, kana kwamba bado zinasikia mwito. Kumbukumbu hiyo haimo kwenye mpangilio wa herufi za jeni bali katika namna jeni zinavyofungwa na kufunguliwa, na ndiyo inayotafutwa sasa: jinsi ya kuifuta.

21. Ugumu niliousoma swali la 3 naweza kuutumia kujipima mwenyewe?

Gusa, ndiyo, kwa mikono safi na mbele ya kioo: kingo zote mbili za ulimi, chini yake, ndani ya mashavu, sakafu ya mdomo, kisha shingo kuanzia chini ya taya. Ukihisi pagumu, nenda ukaonwe. Lakini ulaini usikupe amani. Kibaka chekundu kama makhameli kinaweza kuwa laini kabisa na bado kikawa na saratani changa ndani yake, kwa sababu fibroblasti hazijapata muda wa kufuma. Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki 3, sauti iliyokwaruza kwa muda huo huo, au uvimbe wa shingoni usioondoka, vinatosha kukupeleka kwa daktari, viwe vigumu au laini.